Taa ya Mvua Dirishani kwa Abalo

— Taa hii haimtegemei mtu, Abalo! Inaongea na utabiri wa hali ya hewa yenyewe. Ikiwaka bluu, beba koti la mvua. Ikiwaka njano, nenda kasimamishe magari yako.

Ocira, fundi simu wa Nakawa, alisema hayo kifua mbele kama jogoo. Abalo, askari wa trafiki, alikuwa amelowa mara tatu wiki ile.

— Sawa. Ila yule mpenzi niliyemwacha aliniambia ni daktari, kumbe anafagia wodi. Kufagia si kosa, uongo ndio kosa. Ukinidanganya, siku ya kujitambulisha kwa baba usije.

— Mimi? Nikudanganye wewe?

Banange, jamani! Taa bila intaneti ni chupa tu. Simu ya Abalo ni ya tochi, haina intaneti. Intaneti ilikuwa kwenye simu ya Ocira, nayo lazima iwe karibu na taa. Basi kila saa kumi na mbili alfajiri fundi wetu alipanda boda mpaka Kibuli, akajibanza nyuma ya ukuta wa kina Abalo, simu juu, mpaka taa iwake.

Meseji inaingia: "Imewaka bluu mpenzi. Una akili wewe!"

Naye anajibu, meno yakigongana kwa baridi: "Asante mpenzi. Ndio kwanza naamka."

Wiki tatu hivyo. Ijumaa, siku moja kabla ya kujitambulisha, mkono mzito ukamkamata kola.

— Mwizi! Unachungulia dirisha la binti yangu?

Ni Sajini mstaafu Odyek, baba mtu.

— Hapana, afande! Mimi ndiye mgeni wako wa kesho!

Abalo akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

— Ocira? Si umeniandikia ndio kwanza unaamka?

Ocira akaficha simu mfukoni, akaizima kwa woga. Dirishani, taa nayo ikazimika.

Abalo akatazama dirisha. Akatazama mfuko.

— Kumbe taa ni wewe.

— Nilidanganya. Wiki tatu nasimama hapa. Sikutaka ulowe, basi.

Abalo akaangua kicheko.

— Baba, mwachie. Mtu pekee anayenidamkia alfajiri ni bosi wangu, naye ni kwa kunikaripia. Kesho aje.

Sajini akalegeza kola, shingo upande.

— Na wewe mvua haikukupiga hapa?

Ocira, kola haijanyooka, kifua kikarudi mbele.

— Mimi, afande? Fundi wa hali ya hewa? Hata tone!

Ng'ambo ya barabara Esperance, mama Mkongo muuza mandazi, akainua mwiko.

— Weee kaka! Na mwavuli wangu niliokuazima juzi nilipokukuta umelowa, unalia kwa baridi, utaurudisha lini?