Ubao wa Pili

"Ursina, upo?"

"Nipo. Behewa la kwanza."

"Una dakika kumi na tisa. Akifika juu na mzigo, anavaa mbao zake za kutelezea thelujini na kuteremkia Italia. Hatumpati tena."

Ilikuwa sauti ya Chasper, mkuu wake, ikitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni.

Mzigo wenyewe ni karatasi moja. Majina kumi na moja ya watu waliokimbilia Uswisi wakapewa majina mapya, pamoja na mahali wanapoishi. Waliokuwa wakiwawinda walikuwa wakiisubiri upande wa pili wa mlima.

Majina hayo yalijulikana na watu wawili tu: Chasper na Andri Sutter. Andri alifukiwa na maporomoko ya theluji wiki mbili zilizopita, akafa. Ofisini walisema ndiye aliyewauza wale watu. Ursina, aliyefanya naye kazi miaka tisa, alibisha mbele ya wote mpaka sauti ikamkauka.

Treni ilipanda polepole kuelekea Valdretsch, imejaa watu wa skii.

Mbebaji aliitwa Beat Imhasly, zamani mwalimu wa skii. Karatasi ilikuwa chini ya kibanio cha kiatu, kwenye mbao zake nyekundu aina ya Stöckli.

Ursina aliziona kwenye rafu ya mlangoni.

Hapana. Aliuona mmoja.

Alijilaumu. Aliyekulia milimani hafungi mbao zake pamoja. Huacha mmoja huku na mwingine kule, maana mwizi hana kazi na ubao mmoja. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo kabla hajajua kusoma.

Akatoa bisibisi yenye umbo la kalamu. Skrubu nne.

Hapakuwa na kitu.

"Ni ubao wa pili," alinong'ona.

"Uko wapi?"

"Nautafuta."

Behewa la pili, haupo. La tatu ndilo la mwisho. Ubao ulisimama kwenye rafu ya mlangoni, na hatua mbili kutoka hapo aliketi Beat, akimenya chungwa na kucheka na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu.

Bastola ya SIG Sauer ilikuwa chini ya koti la Ursina. Kwa watu wote wale, isingetoka.

"Kaa basi, dada," Beat alisema. "Umesimama kama mkaguzi wa tiketi."

"Nimekaa ofisini wiki nzima, kaka. Acha miguu nayo ifanye kazi."

"Ndiyo maana umepauka hivyo," bibi akadakia. "Mpe kipande, Beat, asije akatuzimikia hapa."

Ursina akapokea, akala. Hakuisikia ladha.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha treni. Kituo kilichofuata, Prasura, ni kile ambacho treni husimama ukiomba tu.

Beat aliacha kumenya. "Unashuka hapa? Hapa hakuna pa kutelezea."

"Namtembelea shangazi."

"Prasura kuna familia mbili," bibi alisema. "Shangazi yako yupi?"

Treni ikasimama. Mlango ukafunguka.

Ursina akaunyakua ubao mwekundu, akaruka.

"We! Wangu huo!"

Beat alikuwa mwepesi. Alishafika mlangoni, kisu mkononi. Ursina akageuza ubao na kumsukuma nao kifuani kwa nguvu zake zote. Beat akaanguka chali miguuni pa bibi.

Mlango ukajifunga. Treni ikaondoka.

"Anakuja kwenu," Ursina alisema, akihema. "Ana ubao mmoja na kisu."

"Kwa ubao mmoja hawezi kuwatoroka polisi walioko hapa juu. Mzigo?"

Skrubu nne. Karatasi ilikunjwa mara sita. Aliikunjua.

Herufi zililalia kushoto. Zile zile za kadi tisa za Krismasi alizozihifadhi kwenye droo nyumbani kwake.

"Ninao. Wote kumi na mmoja."

"Afadhali." Chasper alipumua. "Ursina, mwandiko ni wa nani?"

Angeweza kusema karatasi imelowa, mwandiko hautambuliki. Theluji ilimfika magotini, na hakuna ambaye angeuliza mara ya pili.

"Wa Andri."



"Mkewe hajaambiwa kwamba ndiye aliyewauza," Chasper alisema.

"Asiambiwe kwa simu. Nitakwenda mimi."

Akachomoa kidude sikioni, akaitia karatasi ndani ya koti, akauweka ubao begani na kuanza kuteremka kwa miguu kando ya reli.