Michembe Juu ya Jiwe

Mwaka wa tisini na tano, Modesta alikuwa akishuka mlima wa Kitangiri kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kule chini ziwani. Alikuwa mwanamke wa Muleba, mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Kutwa nzima alisimama ndani ya mabuti ya mpira, kisu mkononi, akikata samaki ambao jioni walipakiwa kwenye ndege kubwa na kupelekwa nchi asizozijua. Akirudi nyumbani, kabla hata hajavua kilemba, mumewe alimuuliza swali lile lile.

"Haya, Mama Evelina. Leo njiani kulikuwa na nini?"

Mumewe aliitwa Luhaga, Msukuma wa upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopunguza watu, na mwaka uliofuata macho nayo yakamwacha. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba walichelewa kufika. Binti yao Evelina alikuwa akisoma Bukoba, kwa dada yake Modesta. Basi mchana kutwa Luhaga alikaa peke yake kizingitini, uso ameuelekeza ziwani asikokuona, akimsubiri mke wake amletee habari za dunia.

Naye alimletea. Luhaga hakupenda jambo lolote lirukwe. "Anzia mlangoni," alisema, na Modesta akaanzia mlangoni: ngazi za mawe zilizoteleza kwa umande, bomba la maji, na jirani yao Josepha akigombana na foleni ya ndoo, shule ya msingi, watoto wakifagia uwanja kwa matawi, fundi cherehani aliyeanza kuuza mitumba, akaning'iniza mlangoni koti zito la baridi ambalo hakuna mtu wa Mwanza angelivaa. Chini zaidi kulikuwa na jalala na ndege watatu wakubwa, kongoti, juu yake, wamesimama kama wazee wa baraza. Kisha wanawake wanaokaanga mapanki, yale mabaki ya samaki yanayobaki minofu ikishatolewa. Kisha barabara, magugu maji yaliyoziba ghuba, na geti la kiwanda.

"Lile koti bado lipo?"

"Bado. Leo kaligeuza, mgongo nje."

Luhaga alicheka, akala, akalala ameridhika. Ndoa yao ilikuwa imekaa vizuri ndani ya mazungumzo hayo kuliko hata siku zile alipokuwa na macho.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane Modesta aliongeza jambo. "Halafu kuna bibi mgeni, kule chini barabarani, karibu na geti. Anaanika michembe juu ya jiwe."

Luhaga alitabasamu. Viazi vitamu vya kukatwa vipande na kukaushwa vilikuwa chakula cha kwao kijijini, si cha Kitangiri. "Anaanika saa hiyo? Jua lenyewe halijatoka."

"Ndivyo nilivyomkuta. Kanisalimia Kisukuma. Mwangaluka. Nami nikamwitikia, mwangaluka."

"Umeanza kuwa wa kwetu sasa," alisema Luhaga, na wakacheka wote wawili.

Jumanne Modesta alimtaja tena, safari hii mbele ya duka la fundi cherehani. Jumatano alisema amemkuta shuleni, penye lile jiwe bapa la katikati ya uwanja. Watoto walikuwa wakifagia kama kawaida. Walifagia wakalizunguka jiwe, na hakuna hata mmoja aliyempa bibi shikamoo.

Luhaga aliacha kutafuna.

"Juzi alikuwa getini," alisema polepole. "Jana kwa fundi. Leo shuleni."

"Labda anatafuta mahali penye nafasi."

"Anapanda, Mama Evelina. Anapanda kuja huku."

Modesta alitaka kumcheka lakini sura ya mumewe ilimzuia. Luhaga aliuliza yule bibi yukoje. Alimwambia: mfupi, mkavu, anavipanga viazi vyake kwa mkono wa kulia tu. Mkono wa kushoto ameuvingirisha ndani ya kanga, na kanga hiyo mahali pale imelowa.

"Na macho?"

"Mekundu. Kama ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye moshi."

Luhaga aliisogeza sahani pembeni. Ugali ule ulilala hapo mpaka asubuhi.

Alhamisi Modesta hakushuka kwa njia yake. Alizunguka nyuma ya mlima, kwenye kichochoro cha mawe ambacho wachungaji wa mbuzi tu ndio walikipita, akijua atachelewa. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani. Hakutembea hatua hamsini. Jiwe lilikuwa mbele yake. Michembe ilikuwa juu ya jiwe, mibichi, imekatwa sasa hivi, mistari minne iliyonyooka. Bibi aliinua kichwa.

"Mwangaluka."

Modesta alirudi nyuma hatua moja.

Bibi alimtazama bila uadui, kama mtu anavyomtazama mkwe. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kizito cha mtu aliyejifunza uzeeni, "Mwanangu Luhaga alifika?"

Kutoka jiwe lile mpaka mlango wao palikuwa karibu kuliko bomba la maji.

Siku hiyo Modesta alijikata kidole mara mbili kazini. Jioni hakungoja kuulizwa. Alimsimulia mumewe yote akiwa bado amesimama, mabuti mkononi. Alipofika kwenye lile swali, Luhaga alijifunika uso kwa viganja. Kisha akamwambia afunge mlango na akae karibu yake, maana hakutaka kulisema jambo lile kwa sauti.

"Yule ni Ng'washi," alinong'ona. "Ni mama wa baba yangu. Ndiye aliyenilea. Nilimwita mayu, mama, kwa sababu sikumjua mwingine."

"Uliniambia alikufa kwa ugonjwa."

"Nilikudanganya."

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, alisema. Surua iliingia kijijini. Nkwabi, baba yake mdogo, alizika watoto watatu ndani ya wiki mbili. Nkwabi alikwenda kwa mganga, na mganga akasema mchawi ni mwanamke mzee wa ukoo, mwenye macho mekundu. Macho ya Ng'washi yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia samadi ya ng'ombe tangu alipoolewa. Kila mtu alijua hivyo. Nkwabi mwenyewe alijua. Ng'washi ndiye aliyekuwa ameikesha miili ya watoto wale na kuiosha.

"Nkwabi akaniita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema, usiku wa Ijumaa uwafunge mbwa, na lile gogo la mlango usiliweke. Hakuniambia la zaidi. Sikuuliza. Nilijua, Modesta. Mtu asije akakwambia kwamba sikujua."

Mkono wa Modesta ulikuwa begani kwake; hakuuondoa. Wala hakumpapasa.

"Niliwafunga mbwa. Gogo nikaliacha ukutani. Nilikuwa nyuma ya zizi walipoingia. Walikuwa na mapanga. Nikamsikia akipiga kelele mara moja tu. Unajua alisema nini? Alidhani ni wezi wa ng'ombe. Alisema, 'Luhaga, kimbia mwanangu. Kimbia.' Nami nikakimbia. Nilikimbia mpaka ziwani, na alfajiri nikavuka kuja Mwanza. Sikurudi tena."

Nje, jirani fulani alikuwa akiita kuku wake. Maisha ya mlimani yalikuwa yakiendelea kama siku zote. Modesta aliufikiria ule mkono wa kushoto ndani ya kanga, akaelewa jinsi mtu anavyoinua mkono kujikinga uso.

"Atatufanya nini?" aliuliza.

"Sijui. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya."

Hawakulala. Alfajiri Modesta alifungua mlango kiasi cha upana wa uso wake. Mbele ya nyumba yao kulikuwa na jiwe walilozoea kuanikia nguo. Bibi alikuwa amechuchumaa hapo. Alikuwa amewapa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikwenda na kurudi, ukipanga.

"Yupo?"

"Yupo."

Luhaga alinawa uso. Alivaa shati la Jumapili, akalifunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Kisha aliweka mkono kwenye bega la mke wake, kama alivyofanya kila alipotoka, na Modesta akamwongoza. Hatua tisa. Kwenye ile ya tano Modesta alipepesa macho. Alipoyafumbua, jiwe lilikuwa tupu.

"Baba Evelina. Hayupo tena."

Lakini Luhaga alikuwa amekwisha kuliachia bega lake. Alipiga hatua mbili mwenyewe, bila kupapasa, akapiga magoti mahali sahihi kabisa.

"Mwangaluka, mayu."

Akatega sikio. Kichwa chake kilifuata kitu kilichosogea, kulia, kisha kushoto. Macho yake, ambayo kwa mwaka mzima yalikuwa hayashiki chochote, yalikuwa yameshika kitu. Machozi yalianza kumtiririka.

"Anasema nini?" alinong'ona Modesta.

"Anauliza nilipita njia gani usiku ule." Alijifuta mashavu. "Anasema aliniombea nisianguke kwenye mawe. Anasema amenitafuta upande wetu wote, mwambao mzima, ndipo akavuka."

Modesta aliziba mdomo kwa kilemba.

"Hajui," alisema Luhaga. "Mpaka leo hajui ni mimi niliyewaachia mlango. Inabidi nimwambie mwenyewe." Akageuza uso kwa mkewe. "Wewe nenda. Saa moja wanafunga geti, na ukikosa siku moja kibarua kinapewa mwingine. Evelina anasoma. Nenda."

"Siwezi kukuacha na..."

"Niache na mama yangu."

Modesta alikwenda. Miaka yote iliyofuata, hilo ndilo jambo aliloshindwa kulisimulia bila kusimama katikati. Alipofika penye kona ya ngazi aligeuka. Mumewe alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, akizungumza Kisukuma kwa sauti ya kawaida, mikono juu ya magoti, kama kijana anayekiri kosa la kupoteza ndama. Pembeni yake nyasi zilikuwa zimelala, kama zilizokaliwa na mtu.

Asubuhi hiyo Modesta alipita njia nzima bila kuona kitu. Jioni, kama angeulizwa, asingekuwa na la kusema.

Hakuulizwa. Nyumba ilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Josepha alikuja mbio kutoka bombani, akisema alidhani Modesta anajua. Alimwona Luhaga saa nne akishuka ngazi. Alishuka vizuri, bila fimbo. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele, umetulia kwenye urefu wa bega la mtu mfupi.

"Nilimsalimia," alisema Josepha. "Akaniitikia. Alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa mweupe, dada. Uso wa mtu aliyesamehewa. Mbele yake hapakuwa na mtu."

Walimtafuta siku tano. Wavuvi walipita na mitumbwi kwenye magugu maji. Polisi waliandika. Walioshuka mpaka mchangani walisema waliona nyayo zake zikiingia majini, moja moja, bila haraka. Ziwa halikumrudisha.

Siku ya sita Modesta alipanda kivuko kwenda kuwapa habari ndugu wa mume wake. Kijiji kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Nkwabi alikuwa hai, mzee aliyekauka, peke yake kwenye boma kubwa. Alimsikiliza mgeni mpaka mwisho bila kumtazama. Modesta alipoomba kuonyeshwa nyumba ya Ng'washi, alisimama na mkongojo wake, akamtangulia kwenye mashamba. Penye ukingo wa shamba la mwisho alisimama.

"Ni pale. Mimi sifiki."

"Anaishi nani?"

"Hajaishi mtu tangu mwaka ule. Hata mbuzi hawaingii." Kisha, kwa sauti ndogo kabisa, "Mkwe. Tangu usiku wa Ijumaa watu wanasikia vicheko pale. Cha mwanamke na cha mwanamume. Ni kweli kwamba alimsamehe?"

Hilo halikuwa swali la Modesta kulijibu.

Akaenda mwenyewe. Paa lilikuwa limeanguka nusu na magugu yalifika kiunoni, lakini kuanzia uani hadi mlangoni palikuwa pamefagiliwa. Mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana kwenye vumbi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja juu yake. Ndani kulikuwa na mafiga matatu na majivu katikati. Kando ya mafiga, juu ya mkeka mpya wa ukindu, vilikuwepo vibuyu viwili vya maziwa vimewekwa mdomo chini, kama vyombo vinavyowekwa vikishaoshwa.

Modesta aliinama. Aliweka kiganja juu ya majivu.

Yalikuwa ya moto.