Redio Iliyomwita Baba Ethel

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia Newala, rafiki yangu Bartholomayo alikuwa akitengeneza redio ya upepo, ile ya kuitana kwa maikrofoni, katika gari la wanunuzi hao. Gari hilo ndilo lingempeleka Masasi, ambako mkewe alikuwa akisubiri kujifungua mtoto wao wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeigubika karakana.

Kwa usalama, alikuwa ameshaitoa betri ya gari iliyoipa redio umeme. Alipojaribu kitufe cha maikrofoni, kwa mazoea akasema, “Shikamoo.”

“Marahaba, Baba Ethel,” ilijibu sauti ya kikongwe.

Jina hilo walikuwa wamelichagua yeye na mkewe tu, kwa siri.

“Jafari, acha utani!” Bartholomayo alimfokea dereva wa gari hilo.

“Utani gani, fundi? Betri yako si hii nimeibeba?”

Redio ikakwaruza tena.

“Usihangaike na safari, mwanangu. Ethel tumeshampokea huku ahera.”