Pumzi ya Dafroza

Kinanda kilivuta pumzi kwanza, ndipo kikaimba.

Vedastus aliondoa kidole haraka. Alikuwa sebuleni kwake Kibosho, mchana kweupe, akiandaa nyimbo za Jumapili, na sauti aliyoibonyeza ni ile aliyoirekodi mwenyewe kwa maikrofoni na kuitawanya juu ya vitufe vyote. Pumzi ile alikuwa ameikata. Aliikata kwa mkono wake, akasikiliza hadi akaridhika, akaihifadhi kwenye disketi. Akabonyeza tena. Pumzi, kisha "aaa" nyororo, na kwenye spika ikatoka harufu ya tangawizi.

Marehemu Dafroza, mwenye sauti ile, alikuwa na mazoea ya kutafuna tangawizi kabla ya kuimba.

Tuseme ukweli, kinanda hiki kilimlevya huyu bwana. Kilipitia Nairobi, miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika. Kilikuwa na tarumbeta, kinubi, ngoma na besi, na kilikumbuka wimbo mzima, kila chombo mahali pake, wewe ukakaa pembeni unakunywa chai kikipiga chenyewe. Lakini lililomnogea zaidi ni kwamba kiliweza kumeza sauti ya mtu. Akamwita Dafroza, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, akamwimbisha noti moja moja siku nzima. Dada wa watu akaimba, akacheka, akanywa maji, akaimba tena. Wiki iliyofuata, kwa kuwa Dafroza aliwahi kumsahihisha mbele ya kwaya nzima, Vedastus akatangaza, "Huyu sasa wa nini? Tunaye humu ndani."

Dafroza hakugombana. Alikuja na jani la isale lililofungwa fundo, kama Mchaga anavyofanya akitaka yaishe, ingawa mwenye kosa hakuwa yeye. Isale haikataliwi, hata kama kuna damu katikati. Vedastus akalipokea, vijana wa kwaya wakitazama, akalipangusia vumbi kwenye vitufe. Wakacheka. Yeye alicheka kuliko wote.

Masika hayakuisha, Dafroza akafa kwa kichomi. Kwenye misa ya mazishi Vedastus alipiga kinanda kwa sauti yake marehemu, watu wakalia, na baadaye wakaja kumshika mkono. Roho ilimsuta, lakini aliupokea kila mkono.

Jumamosi baada ya pumzi ile, umeme ulikatika, mgao kama kawaida. Vedastus na mkewe Herieth walikuwa migombani wakikata majani ya ng'ombe, na waliposikia "aaa" ya kwanza ikitoka nyumbani walidhani ni redio ya jirani, mpaka ikapanda, ikashuka, ikapanda tena ikipita juu ya migomba na harufu ya tangawizi ikiifuata, na Vedastus akaacha kukata majani kwa sababu wimbo ule ndio alioupiga kwenye mazishi.

"Baba Pamela," Herieth alinong'ona, "si umeme hakuna?"

"Ni betri."

Kinanda hakikuwa na betri.

Walimkuta binti yao Pamela amesimama mbele ya kinanda, midomo inacheza, sauti haitoki. Toka siku hiyo mtoto alianza kukauka sauti, na kadiri alivyokauka ndivyo kinanda kilivyonona. Hospitali walisema koo ni zima. Vedastus aliifuta sauti ile. Mashine ikauliza kama ana hakika, akakubali. Kabla jua halijazama ilikuwa imerudi, na Pamela akabaki na mnong'ono tu.

Wakamwita mganga, maalimu wa Majengo; alifukiza udi, akasoma, kisha akakiweka chetezo kando. "Jini aliyejiingiza ningemtoa. Huyu ulimwingiza wewe, ukamfungia mlango. Nenda kwao."

Vedastus alikata isale, akafunga fundo, akapanda kwa Bibi Mektrida, mama yake Dafroza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini hapa?"

Alipiga magoti akasema yote, vumbi na kicheko. "Nilimwonea wivu, mama. Nisamehe. Mwanangu anamalizika sauti."

Bibi alilishika jani kwa mikono miwili, akalia, akamrudishia. "Mimi nimepokea, nimekusamehe. Lakini aliyekosewa ni yeye. Mpelekee."

Kaburi lilikuwa palepale kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Vedastus aliliweka jani juu ya udongo, akamwita Dafroza kwa jina, akaomba msamaha mpaka machozi yakamwishia. Hakuna kilichojibu. Aliteremka akiwa mwepesi, karibu anakimbia.

Herieth alimpokea mlangoni. "Kimenyamaza! Toka mchana hakijatoa sauti."

"Mungu ni mwema," alisema Vedastus, akaingia.

Pamela alikuwa amempa mgongo, anapangusa vitufe, kimoja kimoja, taratibu. Alikuwa anapangusia jani la isale. Lilikuwa na udongo mbichi, na fundo lilikuwa lile alilolifunga yeye.

"Pamela... nani kakupa hilo jani?"

Mtoto aligeuka akicheka, mdomo wazi, kicheko kisicho na sauti. Nyuma yake waya wa kinanda ulikuwa sakafuni, haujachomekwa popote. Harufu ya tangawizi ikajaa sebuleni. Kinanda kikavuta pumzi, na kwenye spika ikatoka sauti ya Pamela, safi kabisa.

"Shikamoo, baba."