Kuni za Maporomokoni

Kabura alikuwa jirani yetu pale Naro Moru, na paji lake la uso lilikuwa na bonde. Ukanda wa ngozi wa kubebea kuni ulikaa hapo tangu usichana wake mpaka ukachimba mfupa. Hata kanisani kitambaa hakikulificha. Binti yake Murugi alilionea haya bonde lile. Aliapa kwamba kichwa chake yeye kitavaa kofia ya nesi tu, na miaka michache baada ya Uhuru akaitwa kweli chuo cha wauguzi Nairobi. Mama alifurahi kumshinda yeye.

Wiki ya kuondoka, Murugi alimbembeleza binamu yake Mathenge, mpagazi wa wapanda mlima, amwonyeshe maporomoko fulani ndani ya msitu. Hata wapagazi wengi hawakuyajua. Ilikuwa masika.

"Enda basi, uone," Kabura alisema huku akichagua maharagwe. "Lakini mvua hii hakuna mtu anatafuta kuni huko. Ukiona mtu ako na kuni, salimia, upite."

"Ati nipite mama mzee na mzigo yake iko chini? Si wewe ulinifunza hiyo ni aibu?"

"Leo nimekwambia upite."

Murugi alicheka. Kwetu mwanamke hampiti mwenzake aliyetua mzigo bila kumtwika. Adabu hiyo hata mtoto anaijua.

Walipanda asubuhi nzima, matope yakiwavua viatu, mvua ikinyesha nyembamba isiyokoma. Waliposikia ngurumo ya maji, Mathenge alitangulia kukata mianzi iliyoziba njia. Murugi alibaki nyuma akifunga kiatu.

Alipoinua macho, kikongwe alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya maji. Tita la kuni lilikuwa miguuni pake. Mvua ilikuwa inanyesha, na nguo zake zilikuwa kavu.

"Mtoto yangu," alinong'ona. "Nitwike."

Murugi aliyakumbuka maneno ya mama. Lakini aibu ya kumpita mzee ilimshinda nguvu. Akainama kuinua tita.

"Ngoja. Jaribu wewe kwanza, uone kama imekaa sawa. Shingo yangu inauma."

"Sawa, Cucu," Murugi alisema, kama tunavyowaita bibi zetu.

Akajivika ukanda kwenye paji la uso. Akainuka. Tita lilikuwa jepesi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kikongwe akasimama. Mgongo ulinyooka. Paji lake lilikuwa laini kama la mtoto.

"Asante," alisema. "Mimi nimebeba sana."

Akaingia nyuma ya maji. Hakutoka.

Murugi alitaka kuutupa ukanda. Mikono ikashika hewa. Ukanda haukuwepo. Kuni hazikuwepo. Uzito ulikuwepo, na ulikuwa unaongezeka.

Mathenge alimkuta ameinama, shingo mbele, anahema.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nipeleke nyumbani."

Kufika kwao, bonde lilikuwa limeshachimbika kwenye paji lake, jekundu, jipya. Kabura aliliona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliketi kwenye kigoda, akampa binti yake mgongo.

"Nitwike," alisema.

"Hapana, Maitu."

"Wewe uko na Nairobi ya kuenda. Mimi nimezoea. Nitwike."

Murugi alilia, na tusimdanganyie, alitaka sana kwenda. Shingo ilikuwa inavunjika. Akapeleka mikono miwili usoni pake, akashika kitu kisichoonekana, akamvika mama yake. Kabura akazama chini kidogo, kama mtu aliyepokea gunia. Kisha akaenda kukoroga uji.

Alfajiri kitanda chake kilikuwa kitupu. Ukanda wake mwenyewe ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake. Nyayo zilitoka mlangoni zikielekea msituni, zimedidimia kwenye matope kama za mtu mwenye mzigo mzito. Za kurudi hazikuonekana. Mathenge na wanaume wa kijiji walimtafuta mpaka masika yakaisha.

Murugi aliingia chuoni na paji laini. Hatukumlaumu, ila tulimhurumia.

Masika yaliyofuata, alifungua mlango wa chumba chake huko Nairobi, orofa ya juu, akakuta tita la kuni. Kuni za mlimani, zinachuruzika maji, majani ya mianzi bado yamekwama humo. Fundo lilizungushwa kwa upande wa kushoto, na katika kijiji chetu ni Kabura peke yake aliyefunga hivyo. Sakafu ya korido ilikuwa kavu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo haijapita masika bila tita hilo. Amehama nyumba, ameolewa, na bado analikuta mlangoni. Mpaka leo hajui kama mama anamletea kuni, au anamwomba amtue. Hathubutu kuuliza, kwa sababu ukanda huwa umelazwa juu ya kuni, umefunguliwa, na upande wa kuvaa umeelekezwa ndani ya nyumba.