Usiyafumue Makosa ya Ergash

Hapa kwetu Margilani, mji wa wafuma hariri, mikono ya fundi Ergash ilijulikana kuliko sura yake. Amefuma hariri tangu ujana. Asubuhi moja akayumba ghafla, akakimbizwa hospitali. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba nyuma ya kichwa. Alitibiwa akarudi nyumbani, ila mikono haikumtii tena, na mwendo ukawa wa kuyumba.

"Fundi, leo umekunywa nini?" watu walimtania njiani. Sisi nasi kwa ulimi hatujambo!

Binti yake, Zulayho, alikuwa aolewe baada ya mavuno ya pamba. Ergash aliapa kumfumia hariri ya harusi mwenyewe. Mkewe, Hosiyat, alimwonea huruma. Kila mumewe alipokwenda kunywa chai, alifumua palipopinda, akafuma upya. Ergash alirudi akakuta kitambaa kimenyooka. Lakini mikono haikupata nafuu.

Siku moja muuguzi Mavluda alikuja kumtazama mgonjwa, akamkuta Hosiyat anafumua.

"Mama Zulayho, unafanya nini?"

"Namsitiri mume wangu."

"Unamnyima mwalimu wake! Baba Zulayho, njoo!"

Ergash alikuja, chai ikimwagika mkononi. Hosiyat akainama, akasema yote.

"Sikilizeni," alisema Mavluda. "Nyuma ya kichwa kuna ubongo mdogo, unaoongoza mwendo wa mikono. Humo seli kubwa zimepangwa safu, matawi yametandazwa bapa. Chini yake kuna seli ndogo mno, tele. Hizo hupandisha nyuzi nyembamba zinazopita katikati ya matawi."

"Mtande huo, zile nyuzi za urefu za kitambaa!" Ergash alipaza sauti.

"Haswa! Nyuzi hizo huleta habari: mkono uko wapi, unakwenda wapi. Tena kila seli kubwa ina uzi mmoja wenye nguvu, unaoizunguka kama mmea unaotambaa. Huo huleta habari ya kosa. Hapo seli hujirekebisha, ikazuia mwendo uliozidi."

"Na kosa likifichwa?"

"Uzi utaleta habari gani? Sehemu iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki, baba. Lakini iliyobaki hujifunza."

Ergash alicheka kwa furaha. "Mke wangu, usiguse tena kitambaa changu!"

"Hata kikipinda kama njia ya mbuzi?"

"Hata hivyo!"

Akaanza kitambaa kipya, akafuma polepole, akakosea, akatazama, akarudia. Mwanzo wa kitambaa ulikuwa aibu tupu. Kadiri kilivyorefuka, ndivyo kilivyonyooka.

Pamba ikavunwa. Mshonaji wa gauni la harusi akashika mkasi. "Hiki kipande kilichopinda nikitupe?"

"Thubutu!" alisema Zulayho. "Hicho kiweke kifuani."