Siku Nne Tupu Kwenye Daftari

Sanduku la mke lilikuwa limeshapakiwa na injini inanguruma, ndipo mumewe akatoka mbio kwenye jengo la darubini, kandambili mguu mmoja.

"Mke wangu, subiri!"

"Nimesubiri miaka sita. Dereva, twende."

Dereva ni mimi. Nikajifanya gia imekwama.

"Basi chukua daftari la vipimo. Grafu ya mwisho uchore wewe."

"Hata kuagana kwako ni kazi!"

Lakini akalipokea. Mume alikuwa akipima mwanga wa galaksi moja ya mbali iliyolipuka kiini, mke akichora. Mwanga ule hutetema umelalia upande mmoja, na wakati wa mlipuko ulalo wake huzunguka. Ukimaliza nusu duara, unaonekana kama haujasogea. Ndiyo maana hawakutakiwa kuruka usiku hata mmoja. Ukiruka, hujui tena umezungukia kulia au kushoto.

Mke akafunua kurasa.

"Mbona hapa siku nne tupu? Katikati ya mlipuko! Mawingu?"

"Anga ilikuwa safi."

"Wewe uliyekosa arusi ya mdogo wako kwa ajili ya hii galaksi? Ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Kwenye benchi, nje ya wodi yako. Dada yako alisema hutaki kuniona."

Mke akapiga simu, akaweka spika.

"Dada, nilipopoteza ujauzito, mume wangu alikuja?"

"Mdogo wangu, ulikuwa hoi, na yule na nyota zake..."

"Alikuja, hakuja?"

"Alikuja. Siku nne. Nikamzuia mlangoni."

Akakata. Akamgeukia mumewe.

"Na miezi mitatu yote hii umekaa kimya?"

"Nilidhani ni wewe uliyesema hivyo."

"Ungeniuliza tu, baba we. Mara moja tu."

Akaniomba kalamu. Kwenye zile siku nne akaandika: "Mpimaji alikuwa kwa mkewe." Akamrudishia daftari.

"Dereva, twende."

Safari hii gia haikukwama.

Mke alipata kazi ya kuchora ramani, hakuolewa tena. Dada mtu alihamia mbali, hawasemezani. Galaksi ilitulia. Mume yuko kulekule, na kila asubuhi humtumia mke vipimo kwa simu, namba tupu bila salamu, naye huchora na kurudisha. Mimi niliacha udereva. Ule mwanga ulizungukia upande gani, hakuna anayejua.